Aliyekufa Kipindi cha Sita

Alhamisi baada ya isha, Mabela, nyumba ya mwisho
kabla lami haijakatika ikawa changarawe,
tunavua viatu mlangoni
na kugombea mto ulio karibu na kiyoyozi.
Ghaniya kaja na juzuu zake nne mkobani,
kurasa zimekunjwa masikio, uzi wa mgongo umekatika;
amezibeba kama wakili wa kesi aliyokwisha kushindwa.

"Kitabuni," anaanza,
na Mundhir keshaguna, kokwa ya tende mdomoni.
"Kitabuni Oruna hafi. Anazeeka. Anang'oka meno.
Anafungua lango la maji mwaka wa arubaini,
na nduguze walioapa kumuua
wamejipanga foleni, kila mmoja na ndoo."

"Kitabu kina miaka arubaini," anajibu Mundhir,
"televisheni ina dakika hamsini.
Lazima mtu afe, tena anayependwa.
La sivyo nani atarudi Alhamisi?"

Zamzam, mhandisi wa maji, hajali kafa nani.
Lango ndilo linalomkera.
"Maji hayapandi mlima kwa kuwa malkia kalia!
Babu yangu Izki akigawa zamu za falaji
kwa kivuli cha kijiti, dakika kwa dakika.
Angeona upuuzi huu
angezima umeme wa mtaa mzima."

Wanacheka. Mimi sicheki.
Nimekaa pembeni, bega kwa bega na shangazi Thuwaiba,
ambaye sukari imemla macho, ikambakishia
mwanga wa dirisha tu, na huo wa mchana.
Kiingereza hakijui. Kila wiki namnong'oneza
kwa Kiswahili alichotoka nacho Unguja,
ambacho mpaka leo
hajakibadilisha hata noti moja.

Kipindi cha sita, mshale ulipomwingia Oruna
chini ya kwapa, nilimeza mate.
Shangazi alikuwa kanishika mkono.
Ilikuwa siku ya tisa tangu dada yake azikwe Sohari.
Nikasema: "Mshale umempita. Umekita mlangoni."

Basi ndiyo hivyo.
Cha saba nikampa nyumbu, avuke jangwa.
Cha nane nikampa homa, nikaogopa, nikamponya.
Mwandishi ana Oruna wake, televisheni ina wake,
na mimi, karani wa bohari ya dawa,
nina wangu, anayeishi
katika sikio moja la kushoto.

"Kafa!" Mundhir anamfokea Ghaniya.
"Kafa na kuzikwa, mbele ya jeshi zima, na ngoma juu!
Vitabu vyako vinne havitamfufua!"

Kiyoyozi kikadondosha tone.
Nikausikia mkono wa shangazi ukiachia wangu,
ukitafuta sahani, ukiweka kikombe
polepole, kama anayeweka yai.

"Najua kafa," akaniambia, kwa sauti ya chini.
"Wiki tatu simsikii.
Ile sauti yake ya mkwaruzo,
kama mtu aliyelala na ukwaju mdomoni.
Macho ndiyo yaliyokwenda, mwanangu. Masikio yapo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungeacha.
Nami nataka kujua kama yule nyumbu alifika."

"Nyumbu gani?" Ghaniya kageuka.
Anafungua juzuu ya pili, anaifunga, anafungua ya tatu,
kidole kinakimbia kurasani.
"Hakuna nyumbu humu. Nani kasema nyumbu?"
Mundhir anamtazama Zamzam, Zamzam anatazama dari.
"Nyumbu ana akili," anasema Zamzam.
"Angalau yeye hunywa maji yalipo."

Muziki wa mwanzo unapanda. Taa inazimwa.
Mlima wa kioo unakuja, na kunguru, na majina
ya watu wasiojua kuna Mabela.
Shangazi ananifinya goti,
ananisogezea lile sikio:

"Haya. Leo anaingilia mlango upi?"