Mbuzi wa Kikundi

Mashine tulipewa bure. Mjane mmoja wa Mbale
aliileta ndani ya soksi, akasema
mwenyewe haihitaji tena.
Bure huishia mlangoni. Ndani unalipa.

Kijiti kimoja, tone moja, shilingi elfu ishirini na tano,
na kikishakunywa damu hakinywi mara ya pili.
Kwa bei hiyo nasaga karanga siku nne
pale sokoni Soroti, mpaka viganja vinanuka mafuta
hata ninaposali.

Amulen ana mlango wa chuma moyoni.
Usiku taa ikizimwa nausikia: tik, tik,
kama saa iliyomezwa.
Damu ikiwa nzito, mlango utakwama.
Ikiwa nyepesi, jino tu likitoka
tutakesha na kitambaa.
Kwa hiyo namba: isishuke chini ya mbili na nusu,
isipite tatu na nusu.
Wiki aliyokula kunde kwa bibi yake, sahani mbili,
namba ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba.

Na Mulago? Nauli ya wawili, usiku mmoja sakafuni,
halafu unaambiwa rudi Jumatatu.

Nilikwenda kwenye kikundi, kwenye sanduku la kufuli tatu.
Adeke, mweka hazina, akauliza: mkopo wa nini?
Nikasema vijiti.
Wakacheka, si kwa ubaya.
Mkopo ni wa kitu kinachozaa, wakasema. Cherehani. Mbuzi.
Nikasema basi, andikeni mbuzi.

Mbuzi huyo hajawahi kulia uani kwangu.
Alikuja kwa basi kutoka Kampala, ndani ya kopo,
vijiti sita, mwisho wa kutumika Novemba.

Mwezi wa pili Adeke akaja kukagua.
Akatafuta kamba: hakuna. Kinyesi: hakuna.
Daftari kwapani, kalamu juu ya sikio.
Mimi uongo ulikuwa umeniishia.
Nikamwita Amulen: simama hapa, mwanangu, tulia.
Adeke akaitoa kalamu, akainama,
akaweka sikio kwenye kovu.

Alikaa hapo kuliko ukaguzi unavyohitaji.

Kisha akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu,
akaandika, taratibu, kwa herufi kubwa:
MBUZI. MZIMA. ANAKULA VIZURI.
Akanyoosha mkono, akadai riba ya mwezi,
elfu mbili.
Nikampa.