Mipira Iliyopishana

Haapsalu, Aprili. Barafu imeiachia ghuba
lakini ndani ya mpira bado imeng'ang'ania,
donge la kijivu, urefu wa kidole.
Naligonga kwa mpini wa bisibisi. Halisikii.

Kaljo, mashua yako imekaa juu ya magogo
na dada yako kajikunja chini ya sakafu ya usukani,
tochi mdomoni, kibano chenye kutu mkononi.
Mpira umepasuka. Baridi ya Januari haina mzaha:
maji uliyoyasahau humo yalivimba, yakatafuta mlango,
yakautengeneza.

Naona ulivyofunga. Tundu la kushoto
lamwaga kulia, la kulia lamwaga kushoto,
kama mtoto aliyejivika viatu mwenyewe.
Nilicheka peke yangu mle gizani.
Kaka, hata bomba lilikushinda kulinyoosha?
Nikanunua mipira mipya kwa Tõnu,
nikaiunga moja kwa moja, kila upande na wake.
Kazi safi. Nusu mita ikabaki.

Juni, nje ya Vormsi,
upepo wa magharibi, tanga limejaa,
mashua ikalalia ubavu
na mimi nikahisi soksi zangu.

Wimbi halikuruka ukingo.
Maji yalipanda kutoka chini, taratibu, kwa adabu,
kupitia tundu nililoliunga kwa mikono hii,
maana ubavu wa demani ulikwisha kuzama
na bahari ikiona mlango haiulizi
kama ni wa kutokea au wa kuingilia.

Maji yakimwagika hayazoleki, eti.
Niliyazoa. Ndoo kumi na saba mpaka gatini.

Ndipo nikaelewa viatu vya mtoto:
tundu la chini, mdomo wake uwe joshi,
huko juu bahari isikoufikia;
na la juu, ukiwa demani, haidhuru,
maji yatapanda ndani ya mpira
mpaka yafike kimo cha wenzao walio nje,
yasimame.
Hukuniambia. Ulidhani utakuwepo.

Nikarudi kwa Tõnu, nimelowa hadi magotini.
Mipira ya kupishana ni mirefu zaidi, nikaanza,
naye akanyoosha mkono nyuma ya mlango
akatungua miwili, imekwisha kukatwa,
vumbi la miezi miwili juu yake.
"Ulijua?"
Akaifuta kwa mkono wa sweta.
"Aprili ulikuwa unalia," akasema. "Ningekuambia nini?"