Dumu la Mawese
Dumu lilikuwa la mawese. Nililikata shingo
kwa kisu cha mkate, hapa Katubuka, nyuma ya jiko.
Miche mitatu. Bukuru akacheka:
wapangaji watatu, chumba kimoja, mswaki mmoja.

Majani ya chini yakageuka manjano.
Nikaongeza maji.
Yakazidi. Nikaongeza maji.
Mimi nikishapenda, nazamisha.

Nyanya ya kwanza ikaja nyekundu usoni,
kitakoni nyeusi, imebonyea kama ukoko ulioungua.
Nikalaumu mchwa, nikalaumu jicho la jirani,
nikanyunyiza majivu.

Bukuru akaliinamisha dumu, akagonga chini:
"Tundu liko wapi?"

Halikuwapo.

Msumari, mkaa, matundu matano.
Maji meusi yakatoka na harufu ya mtaro wa sokoni.
Miche miwili nikaihamishia kwenye ndoo za rangi,
nikasaga maganda ya mayai,
na siku hizi, kabla ya kumwagilia,
nachomeka kidole udongoni, nauliza kwanza.

Leo nimechuma moja. Imepasuka begani,
ila kitako kizima.
Nimeila kwa chumvi, nimesimama palepale.
Nusu nimempelekea Bukuru.
Nusu ndogo.