Rehani

Walituita tukakwangue.
Mimi na Fundi Ndahani, ndoo tatu za chokaa,
na barua ya masharti iliyogongwa muhuri:
rangi ya zamani irudi, dirisha lisipanuliwe,
mlango usibadilishwe hata bawaba.
Jengo sasa ni la hifadhi.
Miaka thelathini lilikuwa la popo.

Hapa Mpwapwa, chini ya Kiboriani,
ndipo Keshavji alipokalia fedha za watu.
Mwenyewe aliita duka. Wazee waliita benki,
maana uliingia na mbuzi ukatoka na karatasi.
Mtaa mzima ulimgeuzia uso:
Mwarabu wa samli, Mgiriki wa ngozi,
fundi cherehani aliyewashonea majumbe makoti,
ukuta umeegemea ukuta,
bati la huyu likivujia kwa yule.
Leo kwa Mgiriki wanachaji simu.
Kwa Mwarabu pana saluni, na redio haizimwi.

Siku ya nne tukalifikia kabati la chuma.
Bi Leokadia wa mambo ya kale
alikuja kutoka Dodoma, glavu nyeupe mkononi,
akasema lisivunjwe.
Ndahani akalibembeleza kwa mafuta ya taa
toka asubuhi hadi adhana ya alasiri.

Hapakuwa na fedha.
Palikuwa na hundi zilizotafunwa na mchwa,
na vifurushi vya kaniki, vidogo, vimefungwa uzi,
kila kimoja na kikaratasi chake.
Alisoma cha kwanza, cha pili. Cha tano akakisoma hivi:
*Nyemo wa Chunyu. Bangili za shaba, jozi mbili.
Pishi kumi za uwele. Mwaka wa Mtunya.*

Kikwanguo kikanianguka.

Bibi yangu hakuvaa bangili maisha yake yote.
Akisuka kikapu, mara angesita,
akashika kifundo cha mkono, akakizungusha
kama anayevua kitu kisichokuwepo.
Nilidhani baridi yabisi.
Siku moja, akipepeta, ndipo aliposema:
mama aliingia mjini mikono ikilia,
akatoka mikono imenyamaza.
Mimi nilikuwa mgongoni, akasema,
nilikuwa mwepesi kama ungo.

Pishi kumi zile zilimvusha bibi.
Bibi akamzaa mama. Na mimi ndiye huyu,
mwenye chokaa kwenye kope.
Basi sijui, Keshavji,
nikulaani au nikusalimie.

Nikasema: hizi ni zetu.
Bi Leokadia hakucheka, namshukuru.
Aliuliza tu: una karatasi?
Karatasi, mama, unayo wewe.
Akaitazama. Akanitazama.
Kisha akaandika namba kwa penseli, kumi na saba,
akaziweka kwenye boksi lenye pamba,
na pamba ile ilikuwa laini kuliko godoro lolote
alilopata kulalia Nyemo.

"Nenda kakomboe," Ndahani alinitania njiani,
"ila kwa riba ya miaka mia
hata uwele wa wilaya nzima hautoshi."

Usiku sikulala.
Alfajiri nikaenda sokoni na baiskeli ya shemeji.
Pishi kumi, nilisimamia zikipimwa,
kila pishi na kichuguu chake juu, kama zamani.
Nikaingia kwa mlango wa mbele,
nikaimimina juu ya mizani ya Keshavji
ambayo nayo ina namba yake.
Sinia likashuka kwa kishindo.
Vumbi la uwele likapanda hadi kwenye boriti.

Bi Leokadia alishika fomu yake muda mrefu.
Kuna safu ya kipimo, safu ya hali ya kitu,
safu ya mahali kilipopatikana.
Ya uwele haipo.
"Nitauliza makao makuu," alisema,
sauti imemshuka.

Tukarudi kwenye ukuta wa mashariki.
Chokaa ilikataa kushika siku hiyo, mara tatu tukaikwangua.
Njiwa wawili waliingia wakala, hakuna aliyewafukuza.
Jioni, nikifunga ndoo, nikachungulia:
uwele umepungua, boksi limeshafungwa kwa gundi,
na mizani, ile ile,
bado imeinama upande wangu.