Nafasi ya Tisa

Nilikuwa karani wa sheha, Mtambwe,
mwaka karafuu zilipozaa mpaka matawi yakakatika.
Kazi yangu kalamu: nani kazaliwa, nani kafa,
nani kagombana na nani kwa mpaka wa mihogo.

Jumatano wakaja watu watano, wanahema.
Bi Mize kafa, wakasema, na lile dude lake
limekaa mlangoni, halitaki mtu apite.

Lile dude. Lilikuwa na jina: Shaame,
mjukuu, kiziwi tangu tumboni,
miaka kumi na saba nyuma ya ua wa makuti,
bila chuo, bila skuli.

Tulikwisha kumjua kabla ya kumwona.
Hula kuku na manyoya yake, tulisema.
Hubweka mwezi ukiandama.
Mke wa Mbarouk aliapa kumwona akienda kwa miguu minne.
Na mwalimu Faki, aliyesomea Unguja,
akatupa hoja nzima barazani:
mtu ni ngozi juu ya mnyama,
na ulimi ndio sindano iliyoishona ngozi hiyo.
Tukatikisa vichwa. Hoja ilipendeza.
Mimi niliinakili nyuma ya daftari la vizazi na vifo.

Basi tukaenda, na kamba.
Ndiyo, tulichukua kamba.

Alimng'ata sheha mkono, hilo sitalificha.
Damu ikaingia kanzuni, na mwalimu Faki akanitazama
kama mtu aliyeshinda kesi.
Lakini mimi nilikuwa nimeshapenya ndani.

Kikongwe kalazwa ubavu wa kulia.
Nani alimwonyesha ubavu wa kulia?
Labda ndivyo bibi alivyokuwa akilala.
Kafunikwa kanga mpya, maandishi juu chini,
kwani kwa Shaame yalikuwa maua tu, kama maua mengine.
Pembeni sahani: ndizi mbili za kuchemsha,
moja imekatwakatwa vipande vidogo,
vya mtu asiye na meno.
Inzi hawakuwepo. Upepeo wa ukili
ulikuwa chini, umechakaa upande mmoja.
Alipepea siku ngapi? Majirani walisema tatu.
Siku tatu, na hakuna aliyebisha hodi,
sisi wenye hodi.

Walipomfunga mikono alipiga ukelele
ambao sijausikia tena. Yuno mnyama, mtu akasema,
na mimi nikaamini,
mpaka miaka mingi baadaye nilipofahamu
kwamba tulimfunga kinywa.

Bi Kazija wa jirani ndiye aliyeniambia, kwa aibu.
Alikuwa akiwachungulia uani.
Kiganja kikizungushwa kifuani: njoo ule.
Ngumi shavuni: usiku.
Vidole viwili kwenye ndewe: maji.
Na walikuwa wakisengenya, karani! Wakitusengenya sisi!
Bi Mize akimwigiza sheha anavyotembea na tumbo lake,
kijana akigaragara mchangani kwa kicheko.

Lugha ya watu wawili.
Jumatano ile ilibakiwa na mmoja.

Hoja ya mwalimu Faki sijaijibu mpaka leo.
Pengine mtu aliye peke yake ni mnyama kweli;
mimi sijapata kumwona mtu aliye peke yake.
Hata anayetupwa, yupo aliyemtupa.
Shaame alikuwa na ajuza mmoja na ua wa makuti,
na hiyo ilitosha kumfundisha kukata ndizi.
Sisi tulikuwa saba, na Kiswahili chetu fasaha,
na fundo tulilifunga kwa ustadi.

Wete, kituoni, nikapewa fomu.
Jina. Umri. Dini.
Nafasi ya tisa: Lugha anayozungumza.
Niliandika: Hana.
Herufi nne, kwa mwandiko wangu ulionipatia kazi.

Yeye alikuwa benchini, wamekwisha kumfungua,
midomo imempasuka kwa jua la njiani.
Aliifuata kalamu kwa macho mpaka ikasimama.
Kisha akaweka vidole viwili kwenye ndewe,
akangoja, akaviweka tena.

Nikadhani anajikuna.