Kustaafu kwa Kufuli

Dundee, Jumanne ya Novemba. Saa tisa na nusu alasiri
na jua limeshafungasha virago.
Nimepewa kazi ya neno moja:
nifute "pendekezo", niandike "kihistoria",
juu ya waraka wa kurasa arobaini na mbili
unaoeleza jinsi ya kuifunga barua pepe
isisomwe na asiyeandikiwa.

Hakuna keki. Hakuna saa ya ukutani ya kumtunza mstaafu.
Kiwango hakina mkono wa kushikwa.

Kilikuwa kizuri, jamani.
Kila herufi iliingia kwenye hesabu zake
ikatoka upande wa pili haina sura.
Lakini wezi wa zama zile walihesabia vidole;
leo kompyuta ya mtoto, ile ya kuchezea mpira,
inakivunja kabla chai haijapoa.
Kufuli ambalo kila mpita njia ana ufunguo wake
ni pambo la mlango.

Nilipekua seva kwanza, nione nani bado anakitumia.
Mmoja tu: mashine ya maabara ya hospitali,
kila usiku saa nane hutuma majibu ya damu,
na lugha nyingine haijui.
Tumeipa hadi Ijumaa.

Kisha simu. Bibi Euphemia Geddes, miaka themanini na mmoja,
aliyeandika sura ya tatu na ya nne
pamoja na marehemu mumewe.
"Mmekiua?"
"La, bibi. Tumekistaafisha. Waraka utabaki, wa kusoma atasoma."
Akacheka, kikohozi kikaingia kati.
"Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Akanieleza: anazo barua mia na kitu za Torquil,
za mwaka ule wa majaribio, zote zimefungwa.
Ufunguo ulikuwa kwenye kisahani cha sumaku
kilicholiwa na unyevu wa stoo.
"Wewe unaweza kuzifungua?"

Nilitamani kusema hapana,
kwa heshima ya sura ya tatu.
"Naweza. Dakika kumi, pengine kumi na tano."

Kimya. Nikasikia birika lake likipiga mbinja,
likapiga, likapiga, hakuna aliyeliepua.
"Basi kweli kimezeeka," akasema,
na sikujua ananiomba
au ananikataza.

Neno bado lipo kwenye skrini.
Nimeweka kidole juu ya kitufe.
Nje, treni inavuka Tay na taa zake zote,
kila dirisha wazi, kila abiria anaonekana.