Leo Bila Hodi

Saa kumi usiku M'Cishugi anawasha mbabula
upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao, hapa Kadutu,
na kabla jogoo wa parokia hajakohoa
harufu ya mafuta imeshapenya kwenye nyufa.
Mikate ya kwanza inazama, inaibuka.
Nimelala bado, mdomo mkavu kama unga,
lakini pua yangu imeshakaa mezani,
na chini ya ubavu wa kuume
nasikia ini likivuta kiti.

Sijala kitu. Naapa kwa kaburi la mume wangu.

Nesi Buhendwa alinichorea nyuma ya risiti:
hapa kongosho, hapa ini, hapa njia za damu.
Pua hakuichora.
Nikamuuliza, mbona mwili unaitika kabla haujaitwa?
"Mama Nsimire, meza dawa, acha mikate."
Kisha akakuna sikio kwa kalamu:
"Wapo wanaosema harufu hutangulia kama mjumbe.
Wanachunguza bado. Mimi sijui."
Nilimpenda kwa ile sijui.

Nina daftari la miraba, la mtoto wa shule.
Kijiti kimoja cha kupimia ni sambaza za siku mbili,
kwa hiyo nachoma kidole kwa ubahili,
nikilitazama tone
kama mtu anayefungua barua ya deni.

Mwezi wa nne mafua yalinifunga pua siku tisa.
Nilikula bugali na lengalenga
kama mtu anayekula picha.
Bakuli lilelile la bluu, kipimo kilekile,
ila chakula kiliingia viatu mkononi,
kama mume aliyechelewa baa,
na damu ikashtuka gizani.
Namba ikapanda, ikapanda kilima chetu chote,
ikakaa huko juu ikihema.
Ni homa, alisema Buhendwa. Labda.
Mimi niliandika tu: *leo bila hodi.*

Kwetu mgeni haingii tu.
Husimama nje, akapaza sauti kidogo,
akaacha mtoto akimbilie shati,
godoro likunjwe, sufuria isogezwe.

Basi siku hizi, kabla ya tonge la kwanza,
nainama juu ya sufuria, kitenge kichwani,
nahesabu pumzi ishirini.
Wajukuu hunyamaza, wakidhani nasali.
Kitunguu. Moshi wa samaki.
Ndizi ya jirani, isiyo yangu.
Na huko ndani, naamini,
kuna anayetafuta shati lake.

Alfajiri ya leo M'Cishugi amegonga ukuta:
"Mama, mbona hununui tena mikate yangu?"
Nikamjibu, mate yamejaa kinywa:
"Nusu yake naila kila siku.
Ile nusu usiyoweza kuiuza."
Akacheka hadi mafuta yakamrukia.

Kisha nikachoma kidole.
Mia moja sitini na nane.
Nikaiandika. Sikuielewa.
Nikafungua dirisha.